Kuta za baharini, Nyali mpaka Shanzu: tuzisome vipi kwa picha za satelaiti?

Bint wa Mkomani · #1

Salaam wadau. Kila upepo wa kusi unapoanza, magrupu ya WhatsApp ya Mombasa hujaa picha za aina moja: vipande viwili vya Google Earth vimebandikwa ubavu kwa ubavu, kimoja cha zamani, kimoja cha juzi, na mshale mwekundu unaoelekea ukuta wa hoteli. "Oneni bahari ilivyokula ufuo wetu." Haipiti saa moja, mwingine analeta vipande vyake viwili vya pale pale, na kwake ufuo umenona. Kutoka hapo ni kutukanana tu.

Na huenda wote wawili wasiwe wamedanganya. Ukiwa na picha mbili tu za ufuo wa kwetu, unaweza kuthibitisha chochote unachotaka. Ndiyo maana nimefungua uzi huu. Tuweke hapa namna ya kufuatilia ufuo ulio karibu na kuta, gati na mawe ya kupanga, kwa picha za bure, ili mtu akisema "ukuta ule umetumalizia mchanga" awe na kitu mkononi.

Picha zipo. Satelaiti ya Marekani, Landsat 5, ilirushwa 1984, Landsat 7 mwaka 1999, Landsat 8 mwaka 2013, Landsat 9 mwaka 2021. Pikseli moja ya rangi, yaani kidoa kidogo kabisa cha picha, ni mita 30 kwa 30, na kuanzia Landsat 7 kuna picha ya kijivu ya mita 15 inayosaidia kunoa zile za rangi. Landsat 7 iliharibika kifaa mwishoni mwa Mei 2003, kwa hiyo picha zake za baada ya hapo zina michirizi isiyo na data. Sentinel-2 ya Ulaya ilianza 2015. Rangi zake kuu ni za mita 10, na tangu pacha wake arushwe 2017 tunapitiwa kila baada ya siku 5. Picha za miaka ya 80 na 90 kwa upande wetu wa dunia ni chache, na nyingi zimejaa mawingu. Anayejigamba ana mfululizo kamili wa miaka 40 wa Bamburi, mwulize kwanza ana picha ngapi za kabla ya 1999.

Kompyuta hutafuta maji hivi. Maji humeza karibu mwanga wote wa infraredi ya mawimbi mafupi, usioonekana kwa macho, mchanga mkavu huurudisha. Chukua mwanga wa kijani, toa infraredi hiyo, gawa kwa jumla ya zote mbili: maji yanapata namba ya juu, nchi kavu namba ya chini. Kipimo hiki kinaitwa MNDWI, kilitolewa na Xu mwaka 2006. Mpaka kati ya juu na chini ndio mstari wa maji, na programu nzuri huweza kuukadiria ukipita katikati ya pikseli badala ya kufuata kingo zake. Mimi hutumia CoastSat, ya bure, iliyotolewa 2019 na Kilian Vos na wenzake wa chuo kikuu cha New South Wales kule Sydney. Inavuta picha kutoka Google Earth Engine, hazina ya Google ya picha za satelaiti, inachora mstari kwa kila picha isiyo na mawingu, kisha inapima umbali kwenye mistari ya kupimia ambayo wewe mwenyewe umeichora kutoka nchi kavu kuelekea baharini. Kwenye fukwe za mchanga ilikojaribiwa, kosa lake ni kama mita 10. Ishikeni hiyo namba. Tofauti ya mita 4 kati ya picha mbili si habari.

Sasa ukuta wenyewe. Tuseme kulikuwa na mita 30 za mchanga mbele ya kiwanja. Mwenye kiwanja akajenga ukuta. Miaka ikapita, mchanga ukapungua, mpaka ikawa maji yakijaa yanagonga ukuta. Kuanzia hapo mstari wa maji hauna pa kurudi nyuma, umegota. Programu itakuandikia: mabadiliko kwa mwaka, sifuri. Ukipaka ramani rangi, nyekundu kwa panapoliwa na kijani kwa palipotulia, mbele ya ukuta patakuwa kijani safi. Nimewahi kuona ramani ya namna hiyo ikitandazwa mbele ya watu kama ushahidi kwamba ukuta umeokoa ufuo. Ukuta umeokoa bustani. Mchanga uliokuwa mbele yake haupo.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza: mbele ya ukuta usisome mstari wa maji ukaishia hapo. Soma ncha zake mbili, kulia na kushoto, mita mia moja mia mbili hivi kila upande. Pale ndipo ukuta husema kweli.

Karibuni. Mwenye ujuzi aongeze, mwenye swali aulize.

Nahodha Mstaafu · #2

Mwanangu, umeandika vizuri. Nina swali moja tu. Hiyo satelaiti hupita saa ngapi?

Bint wa Mkomani · #3

Shikamoo ami. Landsat na Sentinel-2 zote hupita asubuhi, saa nne na nusu hivi kwa saa ya kwetu. Siku zote ni wakati huo huo, zimepangwa zifuatane na jua ili mwanga wa picha ufanane.

Nahodha Mstaafu · #4

Marahaba. Basi sikiliza.

Mombasa mwezi ukiandama, na mwezi ukiwa mpevu, ndiyo bamvua, maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Maji hujaa saa kumi, alfajiri na alasiri. Hupwa saa nne, asubuhi na usiku. Mtoto yeyote wa pwani anajua hilo, maana asubuhi za bamvua ndipo watu huenda mwambani kuchokoa pweza. Kwa hivyo mashine yenu siku za bamvua haijapata kuyaona maji yamejaa, hata siku moja. Kila ikija inakuta watu wako mwambani.

Maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, mwezi wa angani ukiwa na siku nane, tisa, na ishirini na tatu, hapo saa nne maji yako juu. Lakini ni juu ya maji mafu, hayafiki kwenye mivinje. Ukuta unapigwa saa kumi, bamvua, kusi unavuma. Nyinyi mnachungulia saa nne. Mwizi kaja usiku, askari anakagua mchana.

Mtwana Frere Town · #5

Ami kafunga mjadala hapa 😂

Bint wa Mkomani · #6

Hajafunga, kaufungua. Ami, jambo ulilolitaja ndilo linaloangusha watu wengi wanaochukua njia za fukwe za ng'ambo na kuzileta hapa kama zilivyo.

Sydney, ilikotengenezwa ile programu, maji hupanda na kushuka mita moja na nusu hivi, mbili ikizidi. Kilindini, bandarini kwetu, bamvua huvuka mita 3, na maji mafu ni kama mita 1. Piga hesabu: ufuo ukiinama mita 1 kwa kila mita 20, maji yakishuka mita 3 mstari unakwenda baharini mita 60. Mita 60, na hakuna punje ya mchanga iliyoondoka! Ufuo wenye mteremko mkali zaidi, 1 kwa 10, bado ni mita 30. Mwenye picha ya maji mafu ya zamani na picha ya bamvua ya juzi ataapa ufuo umepanuka. Akizigeuza, ataapa umeliwa. Ndio wale wawili wa WhatsApp.

Kuna njia mbili za kutoka. Ya kwanza ni kusahihisha kwa hesabu. Unatafuta kimo cha maji dakika picha ilipopigwa, unakitoa kwenye kimo ulichokichagua kuwa cha kulinganishia, unagawa kwa mteremko, kisha unasogeza mstari. CoastSat inaweza kufanya hivyo kwa modeli ya maji ya dunia nzima, mfano FES2014, au ukiwa na jedwali lako unalilisha. Vimo vya kwetu vipo: Mamlaka ya Bandari hutoa jedwali la maji kujaa na kupwa kila mwaka, na Mombasa ina kipimo cha usawa wa bahari kilichoanza kuandika 1986.

Shida ni mteremko. Ufuo wa Bamburi una miteremko miwili. Juu, karibu na mivinje, mchanga umeinama vizuri. Ukishuka kidogo unakuta sakafu ya mchanga iliyo bapa, halafu majani ya bahari na mawe. Ukitumia mteremko mmoja kwa vyote viwili, masahihisho yako ndiyo yatakayokuwa kosa.

Kwa hiyo mimi napendelea njia ya pili, ya kivivu: nachagua picha za maji mafu peke yake. Saa nne na nusu ya siku hizo maji yako juu ya wastani, mstari unakaa kwenye mchanga ulioinama, na picha zote zinafanana kimo kwa tofauti ndogo. Unapoteza zaidi ya nusu ya picha. Zilizobaki unaweza kuzitetea mbele ya mtu.

Picha za bamvua zina kioja kingine. Mwamba wa nje unatokeza juu ya maji, na programu isiyofungwa mipaka inauchora mwamba kama ndio pwani. Povu la mawimbi nalo linaisumbua. Kwenye CoastSat unachora mstari wa kulinganishia juu ya ufuo na kuiambia isitafute maji mbali zaidi ya mita kadhaa kutoka hapo. Usipofanya hivyo utashangaa Nyali imehamia baharini.

Saa nne na nusu ina baraka moja, tusiilaumu kwa yote. Jua bado liko mashariki, upande wa bahari, kwa hiyo vivuli vya maghorofa na minazi vinaangukia bara. Miji ambayo bahari yake iko magharibi, asubuhi hoteli hutupa kivuli ufuoni na programu hukidhania maji.

Kijana wa Utange · #7

Dada, na msimu je? Mimi naona Januari na Julai ni fukwe mbili tofauti.

Madafu Pirates · #8

Hilo naweza kulijibu mimi, maana nauza madafu upande huo na ufuo nauona kutwa.

Kuna ukuta mmoja, sitautaja wa nani, una ngazi ya saruji ya kuteremkia baharini. Zamani ngazi za chini zilikuwa zimefukiwa, mtu anatoka kwenye geti anakanyaga mchanga. Sasa ngazi ya mwisho inaning'inia, chini yake hewa. Wageni wanaruka. Wamewekewa kreti ya soda iliyopinduliwa ndio wakanyage, na kila maji yakijaa kreti inachukuliwa, mlinzi anaifuata. Chini ya ukuta unauona msingi wenyewe, zege yenye rangi nyingine kabisa, chaza wameshaota.

Ila kaskazi ikifika, mchanga unarudi kiasi. Ngazi moja au mbili zinafukiwa tena, hata kreti haihitajiki. Kusi unaanza, unazifukua. Kwa hiyo mtu akija Februari atasema mbona ufuo mzuri.

Bint wa Mkomani · #9

Ndugu yangu wa madafu, hiyo ngazi ni kipimo bora kuliko satelaiti yoyote niliyoitaja. Satelaiti hizi zinaona mchanga umekwenda mbele au nyuma. Hazioni umeshuka kiasi gani. Na mbele ya ukuta mchanga hushuka kabla ya chochote kingine, kwa sababu wimbi linalogonga ukuta halimaliziki kama linavyomalizikia kwenye mteremko wa mchanga. Linarudi na nguvu zake, na njiani linachimba mguu wa ukuta. Tutarudi kwenye hiyo ngazi.

Kuhusu msimu. Kusi, kuanzia Aprili mpaka Oktoba hivi, husukuma mawimbi na mchanga kuelekea kaskazini, yaani kutoka Nyali kwenda upande wa Shanzu. Kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, hurudisha kusini. Kusi una nguvu zaidi. Ndani ya mwamba mambo yanachanganyika, maana maji yanaingia juu ya mwamba na kutokea kwenye milango, na kila mlango una mkondo wake, ndiyo maana fukwe mbili jirani zinaweza kwenda kinyume mwaka mmoja.

Kwa hiyo Januari ilinganishwe na Januari, Julai na Julai. Mimi huweka pamoja picha zote za maji mafu za msimu mmoja na kuchukua thamani ya katikati kwa kila mstari wa kupimia, halafu nalinganisha kaskazi na kaskazi, mwaka kwa mwaka. Picha moja yenye povu au mwani uliotupwa ufuoni haiwezi tena kuniyumbisha.

Anayetaka kuona jambo hili likiwa wazi, afungue Google Earth aende Nouakchott, Mauritania. Bandari yao ilifunguliwa 1986. Pwani ile mchanga unakwenda upande mmoja tu, kusini. Kaskazini ya bandari ufuo umejaa mchanga, kusini umekatwa, hata mtoto anaona. Au Lomé, Togo, bandari ya miaka ya 60: magharibi mchanga umerundikana, mashariki pwani imeliwa. Kwetu mchanga una safari ya kwenda na kurudi, kwa hiyo alama ya ukuta ni tofauti ndogo kati ya safari mbili. Inahitaji subira na picha nyingi.

Meneja Mstaarabu · #10

Nimefanya kazi hoteli za ufuoni muda mrefu na niseme tu, mnatuonea. Pale nilipokuwa, mivinje ilianza kuanguka kabla ya jiwe la kwanza la ukuta kuwekwa. Mizizi nje, mti umelala kichwa baharini. Mlitaka tufanye nini, tuiachie bahari bwawa la kuogelea? Ukuta ulikuja kwa sababu ufuo ulikuwa unaliwa. Leo mnasema ufuo unaliwa kwa sababu ya ukuta.

Mtwana Frere Town · #11

Bro, na jirani yenu wa kaskazini asiye na pesa ya ukuta je?

Meneja Mstaarabu · #12

Jirani naye akajenga. Ndiyo hivyo, sasa ni kuta mfululizo. Sikatai.

Bint wa Mkomani · #13

Bwana Meneja, hoja yako ni ya haki, na ndiyo inayofanya picha za kabla ya ukuta ziwe za thamani kuliko za baada.

Ufuo wa kwetu una sababu nyingi za kupungua. Sehemu ya mchanga wake inatoka kwenye mwamba, matumbawe na viumbe vya humo vinavyosagika. Mwaka 1998 joto la El Niño liliua matumbawe mengi ya pwani ya Kenya. Bahari yenyewe inapanda. Picha ya satelaiti haijui sababu, inajua umbali. Kwa hiyo lazima upange ulinganisho ili sababu ijitenge yenyewe.

Chukua sehemu nne. Moja mbele ya ukuta, mbili kwenye ncha zake, na ya nne ufuo usio na ukuta ulio mbali kidogo lakini ndani ya mwamba ule ule, unaopata upepo na mawimbi yale yale. Tafuta mwaka ukuta ulipojengwa. Google Earth Pro ina picha za zamani zenye ukali wa kutosha kuona ukuta ukitokeza kati ya tarehe fulani na fulani. Kisha pima kasi ya kila sehemu kabla ya mwaka huo na baada yake.

Ikiwa sehemu zote nne zilikuwa zinarudi nyuma kwa kasi moja kabla, na baada ya ukuta ncha zinaendelea kwa kasi ile ile ya ufuo wa mbali, basi Bwana Meneja ana haki, ukuta haukuanzisha kitu. Lakini hata hapo ufuo ulio mbele yake utakwisha, kwa sababu bahari inaendelea kuja na ukuta hauupi mchanga nafasi ya kurudi nyuma. Na mchanga uliofungiwa nyuma ya ukuta, ambao mawimbi yangeuchota na kuulisha ufuo, hautoki tena. Ikiwa ncha ya kaskazini imeanza kukatika ghafla baada ya ujenzi ilhali ufuo wa mbali umetulia, hapo jirani wa kaskazini ana kesi.

Katika sehemu chache nilizoziangalia kwa njia hii nimeona hali zote mbili. Sitataja viwanja, kwa sababu tofauti nyingine ziko karibu mno na kosa la kipimo, na sitaki mtu aburuzwe mahakamani kwa pikseli moja na nusu.

Mpima Ardhi · #14

Afadhali umelitaja la mahakama. Mimi ni mpimaji, niweke mambo mawili.

Kwanza, mstari wa maji wa satelaiti si alama ya maji makuu inayotumika kisheria. Kanuni za upimaji za 1994 zinataka ardhi ya serikali inayopakana na bahari ikipimwa kwa ajili ya kugawiwa, kwa kawaida ibaki akiba ya mita 60 juu ya alama ya maji makuu. Alama hiyo inahusu maji yaliyojaa, na mzee hapo juu ameshasema siku za bamvua satelaiti hupita yakiwa yamepwa. Msichanganye hivi viwili. Nimeshaona mtu akipima "mita 60" kwa rula ya Google Earth kutoka ukingo wa maji wa siku yoyote ile.

Pili, zile picha kali za Google Earth hazilali mahali pamoja. Tarehe moja na nyingine zinaweza kupishana mita kadhaa, kwa sababu kila picha ilipigwa kwa pembe yake. Kabla ya kupima ufuo, chukua kitu kisichohama, kona ya bwawa la hoteli au makutano ya barabara, uone kimehama mita ngapi kati ya picha mbili. Kama bwawa "limehama" mita 6 kwenda baharini, ufuo wako nao usahihishe mita 6. Bwawa halitembei.

Na fanyeni kazi kwenye UTM, mfumo wa ramani unaopima kwa mita, kanda ya 37 Kusini, namba 32737, sio kwenye digrii. Mita ni mita.

Kijana wa Utange · #15

Laptopu yangu ni ya zamani. Na hii Taifa-1, satelaiti yetu ya Kenya, haitusaidii?

Bint wa Mkomani · #16

Laptopu si shida kubwa, kazi nzito ya kutafuta na kuchuja picha inafanyika kwenye mitambo ya Google. Unahitaji akaunti ya Earth Engine, ni bure kwa kujifunza na utafiti, na mtandao usiokatika. Anza na ufuo mfupi wa kilomita mbili. Ukiona Python, lugha ya kompyuta inayoendesha CoastSat, inakutisha, anza na Google Earth Pro na QGIS, programu ya bure ya ramani, chora mistari kwa mkono, utajifunza mengi zaidi kuliko kubofya.

Taifa-1 ilirushwa Aprili 2023, ni ndogo, na ilikuwa hatua nzuri. Kwa kazi hii tunahitaji mfululizo mrefu unaorudi kila baada ya siku chache, na huo uko Landsat na Sentinel. Wapwani tusisahau tulitangulia lakini: satelaiti ya Uhuru ilirushwa baharini karibu na Malindi, jukwaa la San Marco, tarehe 12 Desemba 1970. Ile ilitazama nyota, haikujali Bamburi.

Mkaazi Mikindani · #17

Na sisi wa upande wa Port Reitz na Tudor? Kila mtu Nyali, Nyali.

Bint wa Mkomani · #18

Haki yako. Kipevu ni mahali pazuri pa kujifunzia. Gati jipya la makontena lilikalia ardhi iliyojazwa, na awamu yake ya kwanza ilianza kazi 2016, kwa hiyo ukipanga picha kabla na baada utaona mstari wa maji unaruka mara moja na kukaa. Ukuaji wa namna hiyo, wa pembe zilizonyooka, ni udongo wa malori na meli, sio wa bahari. Uondoe kwenye hesabu kabla ya kusema "Mombasa inapanuka".

Penye mikoko njia yangu haifai. Satelaiti inaona majani, maji yako chini yake. Kule tunapima ukingo wa mikoko badala ya mstari wa maji, na huo ni uzi mwingine.

Mtwana Frere Town · #19

Fort Jesus na ule ukuta mpya wa chini?

Bint wa Mkomani · #20

Pale ni mwamba, hakuna mchanga wa kwenda na kurudi. Bahari inautafuna kwa chini, sentimita kwa sentimita, na pikseli ya mita 10 haitaona chochote. Piga picha kwa simu ukiwa umesimama mahali pamoja kila mara.

Jamani, nina ombi kwa mnaoshinda ufuoni. Picha zangu zinahitaji ushahidi wa chini. Ndugu wa madafu, ile ngazi. Unaweza kuipima?

Madafu Pirates · #21

Naweza. Kesho maji yakipwa. Ila tepu niliyonayo ni ya fundi cherehani, mita moja na nusu. Na mlinzi ataniuliza.

Meneja Mstaarabu · #22

Mlinzi mwambie unapima ili kreti isihitajike. Atakusaidia kushika upande mmoja.

Bint wa Mkomani · #23

Ya fundi cherehani inatosha, ikipungua hesabu ngazi. Pima kutoka ukingo wa juu wa ukuta kushuka mpaka mchanga, sehemu tatu: karibu na ngazi, na kwenye kila ncha ya ukuta. Andika tarehe, saa, na upepo gani unavuma. Rudia baada ya bamvua ijayo, pale pale. Kona ya ukuta uweke alama ya rangi ili usipotee.

Nahodha Mstaafu · #24

Bamvua ijayo ni mwezi ukiandama. Apime siku mbili tatu baada ya hapo, asubuhi, asiende saa kumi akaja akachukuliwa pamoja na kreti.